Gari Lililoinuliwa

Hapana kitu kinachotamaniwa na watu wengi kama kimo. Mfupi hutamani urefu, aketiye chini hutamani kiti, na mwenye cheo kimoja hutamani cha pili. Tamaa hii si mbaya kwa asili yake, kwani mti usiokwenda juu haupati jua. Lakini mti uendao juu hupeleka na mizizi chini, na hili ndilo jambo tunalolisahau. Mimi nililisahau nikiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu na shahada ya udaktari katika lugha. Walionikumbusha walikuwa watatu: gari langu, fundi mmoja wa Mbeya, na mama yangu. Nataka kuieleza habari hiyo kama ilivyokuwa, bila ya kujipendelea.

Mimi hufundisha Kiswahili Iringa. Mama yangu anakaa juu ya Matamba, katika wilaya ya Makete, karibu na uwanda wa Kitulo, mahali penye baridi, viazi na pareto. Makete ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa hata mwaka 2012 ulipozaliwa mkoa wa Njombe. Kwa hiyo mimi na mama tulikuwa watu wa mkoa mmoja, kisha tukawa wa mikoa miwili bila ya yeyote kati yetu kuhama. Aendaye kwake kutoka Iringa hufuata barabara kuu ya Mbeya, akapita Mafinga na Makambako, akafika Chimala chini ya ukuta wa milima. Hapo huiacha barabara kuu na kupanda kwa njia iitwayo Hamsini na Saba. Jina hilo si fumbo; ni hesabu ya kona zake. Apandaye huliona bonde la Usangu limetandazwa nyuma yake kama mkeka. Ashukaye haoni kitu ila kona inayofuata.

Mvua za nyanda hizi huanza Novemba au Desemba na kuendelea hata Aprili au Mei. Katika miezi hiyo malori ya viazi huchimba mifereji miwili kwa magurudumu yao na kuacha tuta katikati. Gari dogo likiingia katika mifereji hiyo, tumbo lake hulala juu ya tuta, na magurudumu huzunguka bure kama ulimi wa mtu asiye na hoja. Hayo yalinipata mara mbili katika mwezi mmoja wa Machi. Mara ya pili nililala garini. Nilipofika asubuhi nikiwa nimepakwa tope hata nyusini, niliambiwa kuwa mama alishikwa na homa usiku, na kijana wa jirani amempakia pikipiki kumpeleka zahanati katika mvua ile ile iliyonizuia mimi. Alipona. Lakini tangu siku ile nilisema moyoni kuwa gari hili litainuliwa, gharama iwe iwavyo.

Gari lenyewe ni Land Rover 110 nililorithi kwa marehemu baba. Land Rover za kwanza, za mwaka 1948, zilikalia kamani, yaani mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Aina hii ya 110, iliyotoka mwaka 1983, hukalia springi za chuma kilichoviringwa. Springi zikichoka hufupika, na gari huinama kama mzee aliyebeba mzigo. Kuliinua ni kuziondoa springi hizo na kutia nyingine zilizo ndefu zaidi au ngumu zaidi, ili kiwiliwili kikae mbali na ekseli.

Nililipeleka katika gereji moja ambayo sitaitaja. Kazi ilikuwa ya siku moja, na kwa macho yangu ilikuwa nyepesi ajabu. Waliitia jeki, wakalaza chesisi juu ya vigingi vya chuma, wakafungua shokapu, wakaacha ekseli ishuke, wakatoa springi kuukuu na kutia mpya. Jioni gari lilisimama sentimita tano juu zaidi ya lilivyokuwa asubuhi. Sina budi kukiri kuwa nilifurahi kupita kiasi. Wanafunzi walilizunguka, nami nikapita mbele yao polepole kuliko ilivyokuwa lazima.

Furaha hiyo ilidumu hata Mafinga. Nilikuwa nakwenda Mbeya kwa kazi ya mitihani, na katika barabara iliyonyoka gari lilianza kutangatanga. Nikiugeuza usukani haukurudi wenyewe. Nikiuacha, gari lilichagua njia yake. Chini ya miguu yangu kulikuwa na mtetemo usiokoma. Malori ya Zambia yalinipita, na kila lilipopita moja nilishika usukani kwa mikono miwili na dua.

Nilipofika Mbeya mwenzangu mmoja alinipeleka kwa fundi mzee ambaye karakana yake ilikuwa chini ya mti. Mzee huyu alianza kushika spana angali kijana, katika miaka ile baada ya tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao na njia ya kusini ya Zambia ikaharibika. Mafuta ya Zambia yalipita wakati huo katika barabara hii, kwa malori, juu ya vumbi na tope, kabla ya bomba la mafuta kufunguliwa mwaka 1968 na kabla ya reli ya TAZARA kuanza kazi yake kamili mwaka 1976. Aliyejifunza ufundi kwa malori yale hakuhitaji cheti kingine.

Nilimwamkia, akaitikia, akaingia chini ya gari bila ya kuuliza neno. Alipotoka alisema, "Mwalimu, wamekuinua wewe. Gari hawajaliinua."

Nilimwomba anieleze. Aliniita nilale chini kando yake, na huko ndiko nilikopata mhadhara mmoja ulio bora katika maisha yangu. Alinionyesha kwanza bomba la mpira linalopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Lilikuwa la urefu ule ule wa zamani, na ekseli iliposhushwa kwa jeki lilivutika hata likawa kama uzi wa zeze. "Gurudumu likiingia shimoni," alisema, "hili hukatika. Likikatika Hamsini na Saba, utahesabu kona chache tu." Kisha akanionyesha shokapu zilizofika mwisho wa urefu wao, na propela ya mbele iliyopindishwa pembe isiyo yake, ndiyo iliyotetema. Mwisho akanishikisha mikono miwili ya chuma inayoshika ekseli ya mbele. Mhimili ambao gurudumu hugeukia, alisema, hulazwa nyuma kidogo kama uma wa baiskeli, na ulazo huo ndio unaourudisha usukani katikati baada ya kona. Kiwiliwili kikiinuliwa, mikono ile huizungusha ekseli, na ulazo hupungua. Gari huwa kama mtu aliyepanda cheo akasahau njia ya kurudi kwao.

Maneno hayo ya mwisho ni yangu, si yake. Yeye hakusema mafumbo, alinipa rula. Aliniambia nipime kutoka ardhini hata chini ya difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli. Nikapima: sentimita 22. Akaniuliza ilikuwa ngapi kabla ya kuinuliwa. Niliipima katika siku za kukwama, nami nilikumbuka vizuri: ilikuwa 22.

Nilinyamaza. Springi hukaa juu ya ekseli. Huinua kilicho juu yake, wala haziwezi kuinua kilicho chini yake. Tuta la malori lilikuwa likigonga difu, na difu haikuinuka hata kwa unene wa ukucha. Kiinuacho difu ni tairi peke yake, na tairi nayo hutoa nusu tu: kipenyo kikiongezeka sentimita tano, difu hupanda mbili na nusu. Nilikuwa nimelipia kimo cha kutazamwa, si kimo cha kupita. Zaidi ya hayo nilikuwa nimepandisha kitovu cha uzito, na gari ambalo kitovu chake kimepanda bila ya upana wake kuongezeka hupinduka upesi zaidi katika mteremko wa ubavuni.

Fundi alichukua siku tatu. Alitia mabomba marefu ya breki na shokapu zenye urefu unaopasa, akabadili mikono ya ekseli kwa ile iliyotengenezwa kurudisha ulazo, akarekebisha propela, na akanishauri tairi kubwa kwa kiasi cha kuingia bila ya kugusa bodi. Gari lilishika njia tena. Mwezi wa Januari nilipanda Hamsini na Saba katika mvua, nikapita juu ya matuta yale yale, nikafika nyumbani kabla ya jua kutua. Nilidhani habari imekwisha.

Asubuhi yake nilitaka kumpeleka mama hospitali Mbeya, kwa sababu ya magoti yake. Alitoka amevaa kitenge chake cha safari, akaja hata mlangoni mwa gari, akasimama. Kiti kilikuwa karibu na kifua chake. Akainua mguu mara moja, mara ya pili, kisha akaushusha. Akanitazama, akasema kwa upole, "Mwanangu, umelipandisha gari, nami nitalipandaje?"

Majirani walileta debe, akakataa kusimama juu yake kwa kuwa liliyumba. Mwisho nilimbeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotazamia, na wepesi ule uliniumiza. Njiani hatukusema mengi. Nilikuwa nimeliinua gari kwa ajili ya mtu mmoja katika dunia, na katika vipimo vyote nilivyopima sikupima goti lake.

Mama alipokuwa kwa waganga nilirudi kwa fundi chini ya mti. Hakunicheka. Alichukua kipande cha bomba la chuma na bamba lenye vipele, akachomelea kikanyagio chini ya mlango, kwa kimo cha hatua ya mtu mzima mwenye magoti mabovu. Kazi haikuzidi saa mbili, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote nilizolipa.

Nimerudi darasani na jambo hili. Nilipoifungua mihadhara yangu ya miaka iliyopita, niliona maneno yaliyoinuliwa sana na mlango usio na kikanyagio. Wanafunzi walinyamaza, nami niliuita ukimya wao heshima. Sasa, kabla ya kuingia katika neno gumu, hutafuta neno la kukanyagia. Elimu yenyewe siishushi, kwani njia ina matuta, na gari la chini halifiki.

Mama sasa hupanda mwenyewe, mkono mmoja juu ya mlango. Tukishuka huhesabu kona kwa sauti, na kila safari hupata hamsini na sita. Mimi nashika usukani, wala simsahihishi.