Divai ya faranga 24,000 tuliyoitema kwenye ndoo

Faranga 24,000 za Rwanda. Hiyo ndiyo bei ya chupa mbili za divai ya Ufaransa tulizonunua mwezi uliopita hapa Gisenyi: nyeupe 11,500, nyekundu 12,500. Sehemu kubwa tuliitema kwenye ndoo. Tuko watu 12, kila mtu alitoa 2,000, na wote tumepita miaka 18. Tunaandika wenyewe kwa sababu habari imeshatembea mtaani kwamba vijana wakimbizi wa karibu na Grande Barrière siku hizi wanakunywa divai kama mabosi. Basi muisikie kwetu.

Ilianza na dada yetu mmoja. Aliitwa kwenye mahojiano ya kazi ya kuhudumia meza, katika hoteli moja ya kando ya ziwa. Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi Rwanda, hilo tunalijua na vitambulisho tunavyo, lakini kitambulisho hakikujibii maswali. Wakamuuliza: mteja ameagiza sambaza za kukaanga, anataka kinywaji cha kufaa, utamshauri nini? Akajibu, "Primus." Wakacheka, wakamshukuru, wakamuonyesha mlango.

Kwetu jibu lake halikuwa baya. Baba yake alikula sambaza na Primus miaka yote Goma, na Bralirwa, wanaopika Primus ya upande huu, ni kampuni ya tangu 1957 yenye kiwanda hapa hapa Gisenyi. Lakini swali lilikuwa la divai, na yeye hajawahi kuonja divai hata tone. Ni mlokole. Alirudi nyumbani akakaa kimya siku mbili, akiosha vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Mzee wa nyumba ya nyuma ndiye aliyetupa akili. Tunamwita Papa, kama kila mtu hapa. Alihudumia meza Goma miaka 27. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipotoa moto na lava ikapita katikati ya mji, mgahawa wake uliungua na stoo yote, na mpaka leo anasema harufu ya divai iliyochemka haijamtoka puani. Akavuka Grande Barrière kwa miguu, akarudi, akaanza tena. Mei 2021 volkano ikamvusha mara ya pili. Januari 2025 ilikuwa vita, na mara hii hajarudi. Alivuka na shati moja na viatu vyeusi vya kazi. Kizibuo chake, kile cha kukunja chenye kisu kidogo, alichokaa nacho tangu ujana, kilibaki kwenye droo ya kabati ng'ambo, dakika ishirini za kutembea kutoka hapa tunapoandika.

Akatuambia, "Mutoto hawezi kuuza kitu hajui. Na kama yeye hanywi, nyinyi mutakuwa ulimi wake."

Hapo ndipo tulipogombana. Mmoja wetu alisema wazi: 24,000 ni unga, ni makala, ni mafuta, na kuna mama kwenye kundi hili ambaye mtoto wake anahitaji viatu vya shule. Alikuwa na haki na hatukumpata jibu la kumshinda. Tulichofanya ni kupiga kura. Saba kwa tano. Wale watano wakatoa pesa zao vilevile, na viatu tukakubaliana vitatoka kwenye mchango wa mwezi unaofuata. Vimeshatoka, kwa wanaouliza.

Jumamosi saa tisa mchana tukakusanyika uani. Hakuna friji, basi Papa akaagiza chupa nyeupe ifungwe kitambaa kilicholowa na kuwekwa kwenye kivuli penye upepo wa ziwa, na kitambaa kiloweshwe kila kikikauka. Maji yakikauka yanabeba joto. Nyekundu akaiacha ndani ya nyumba. Alisema kule Ufaransa wanashauri nyekundu inywewe kwenye digrii kama 16 hadi 18, na nyumba zetu huku juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, jioni zinafika hapo zenyewe. Dar es Salaam ungelazimika kuipoza kwanza.

Kabla ya kufungua tukasoma etiketi. Hii sehemu tulidhani ni ya kupita haraka, kumbe ndiyo iliyotukalisha nusu saa. Sisi tulifikiri Bordeaux ni jina la kampuni. Ni mji na mashamba yanayouzunguka, kusini-magharibi ya Ufaransa. Mtindo wao ni kutaja pahali kwanza, zabibu baadaye au wasizitaje kabisa, na kuna sheria ya nani anaruhusiwa kuandika jina la pahali gani. Ofisi ya kusimamia mambo hayo ilianzishwa mwaka 1935. Ikiandikwa tu "Vin de France" maana yake zabibu zinaweza kutoka kona yoyote ya nchi, na mara nyingi bei inashuka. Haimaanishi ni mbaya. Chupa zetu zote mbili zilikuwa Bordeaux za kawaida. Nyeupe ni mchanganyiko wa Sauvignon na Sémillon, nyekundu ni Merlot kwa wingi na Cabernet Sauvignon kidogo.

Papa akatuandikisha na hesabu ya hoteli. Chupa ina sentilita 75. Glasi moja ni sentilita 12 na nusu au 15, kwa hiyo chupa inatoa glasi sita au tano, na bosi atahesabu. Ukimwaga kwa huruma, glasi ya sita imetoka kwenye mshahara wako.

Kufungua ilikuwa aibu. Nyeupe ilikuwa na kifuniko cha kuzungusha, asante Mungu. Nyekundu ilikuwa na kizibo cha gome la mti, na uani kwetu, na nyumba tano za jirani, hakuna kizibuo. Tukakisukuma ndani kwa mpini wa mwiko. Papa aligeuza uso akaangalia ukuta mpaka tulipomaliza. Divai ikaruka mpaka kwenye shati la mwenzetu, na vipande vya kizibo tulivichuja kwa kichujio cha chai.

Kisha sheria ya ndoo. "Munaonja, munatema. Hii si sherehe, ni masomo." Fikiria kutoa 2,000 zako halafu uteme! Kuna waliomeza, hatutataja. Lakini baada ya mikunjo mitatu ya kwanza tulielewa: divai hii ina kilevi cha kama asilimia 13, bia kama 5, na mtu akimeza kila mara hawezi kutofautisha chochote ikifika sahani ya nne.

Dada yetu alikaa pembeni na daftari. Mbele yake glasi mbili: moja ya maji ya marakuja bila sukari, nyingine chai kali, baridi, bila maziwa. Wazo lilikuwa la Papa. Nyeupe, alisema, nguvu yake ni uchachu, kama marakuja. Nyekundu ina uchachu pia, ila inachachuka pamoja na maganda ya zabibu, na maganda ndiyo yanatoa rangi na ule ukakasi unaokamata ulimi, kama ndizi mbichi, kama chai iliyosahauliwa kwenye birika. Nyeupe wanakamua maji wanayatenga na maganda. Basi dada angefuata kwa chai na marakuja, na kunusa divai zenyewe, na sisi tungemwambia mengine.

Sambaza za kwanza zikatoka kwenye mbabula, moto, na chumvi. (Samaki huyu naye hakuzaliwa hapa. Aliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayemuuliza karatasi.) Tukaonja na nyeupe: ilikuwa kama kukamulia limau. Mafuta yakaondoka mdomoni, unataka nyingine. Tukaonja na nyekundu, na watu kumi wakakunja uso kwa pamoja. Chuma. Kama umelamba msumari. Papa alikuwa anangoja tu: ndani ya divai nyekundu mara nyingi kuna chuma kidogo kinachogombana na mafuta ya samaki. Dada akala sambaza, akanywa chai yake baridi, akasema taratibu, "Inabaki na harufu ya samaki mu kinywa." Akanywa marakuja. "Hii inasafisha." Papa akampigia makofi. "Huyu njo amefahamu kuliko nyinyi wanywaji."

Makayabo ilikwenda vilevile, na chumvi yake ilizidi kuifanya nyeupe kuwa tamu. Brosheti za mbuzi, nyekundu bila kubishana: ukakasi unashikana na mafuta na nyama, halafu unalegea, na ile divai iliyotukunja uso ikawa laini kama si yenyewe. Maharage yaliyopikwa na vitunguu vingi, nyekundu pia, tena tuliipenda kuliko na mbuzi, na maharage ndiyo chakula chetu cha siku tano kwa wiki.

Sombe ilitugawa. Ilipikwa na mawese na karanga, nzito. Nusu wakasema nyekundu, kwa sababu ya mafuta. Nusu wakasema uchungu wa majani ukikutana na ukakasi mdomo unageuka ngozi kavu, bora nyeupe. Tulizozana mpaka sombe ikaisha. Papa hakuamua. Alisema vitabu vya Wafaransa havijui sombe, kwa hiyo hapo sisi ndio walimu. Maoni ya mwandishi wa mistari hii, akiachana kidogo na "sisi": nyeupe, na aliyesema nyekundu alikuwa anaipenda tu rangi yake.

Kuhusu pilipili, usiiweke. Ilifanya zote mbili zichome kama dawa. Na bugali haina ugomvi na yeyote, inafanya kazi ya mkate, inaupumzisha ulimi.

Tulikuwa hapo, watu kumi tumezunguka ndoo tukitema, mmoja na shati lenye madoa mekundu, wakati mfanyakazi wa shirika moja alipoingia uani kwa anketi ya kaya. Hakuwa ametoa taarifa. Akatazama chupa. Akatazama daftari lake, akaandika kitu. Akauliza, kwa adabu, hizo pesa tumezipata wapi.

Tukamuonyesha daftari la michango, majina 12 na 2,000 mbele ya kila jina. Tukamwambia habari ya mahojiano. Akasema sawa, anaelewa. Lakini macho yalirudi kwenye chupa mara tatu, na sisi tumeishi kwa kuhojiwa vya kutosha kujua kalamu inapoandika kitu kuhusu wewe. Usiku ule tulilala vibaya. Hakuna anayeuliza mwanafunzi wa ushonaji kwa nini ameharibu kitambaa, ila mwanafunzi wa meza akitema divai anaonekana amelewa msaada. Ndugu yetu, kama unasoma hapa: haukukosea kuuliza. Tungependa tu uandike pia ile ndoo.

Papa alimaliza kwa maneno ya kukariri, ambayo dada aliyaandika kwa herufi kubwa. Muscadet: nyeupe kavu, kutoka magharibi karibu na bahari, rafiki wa samaki. Beaujolais: nyekundu nyepesi ya zabibu za Gamay, inaweza kupozwa kidogo, na mteja anayekataa nyeupe lakini anakula samaki, hiyo ndiyo ya kumuokoa. Côtes du Rhône: nyekundu ya kusini, yenye joto, ya nyama ya kuchoma. Akamfundisha kushika chupa etiketi ikimtazama mteja, kumwaga kidogo kwanza angoje, na kuzungusha mkono mwishoni ili tone lisianguke kwenye kitambaa. Alifanya mazoezi wiki nzima kwa chupa ya maji. Kama ni dhambi kumwaga usichokunywa, hilo ni lake na Mungu wake, sisi hatukuuliza.

Hoteli ya pili walimuuliza swali karibu lilelile, ila la tilapia. Alisema nyeupe kavu, akaeleza uchachu na mafuta, akaongeza kwamba kama mgeni anasisitiza nyekundu, atafute nyepesi, isiyo na ukakasi. Wakamuuliza anapenda ipi yeye mwenyewe. Akawaambia ukweli kwamba hanywi, na kwamba ndugu zake 11 walimuonjea. Safari hii pia walicheka, lakini wamempa majaribio ya mwezi mmoja.

Usiku wa kwanza alituandikia saa nne: "Meza ya 6 wameomba sambaza na Bordeaux nyekundu. Nimeshauri nyeupe. Wamekataa. Nimemwaga, nimenyamaza." Papa alisomewa ujumbe huo mara mbili, akasema njo kazi.

Sasa kuna jambo moja. Pale hotelini kila mhudumu anakuja na kizibuo chake mwenyewe, na anachotumia dada ni cha kuazima, lazima akirudishe kila zamu. Tunatafuta kile cha kukunja, chenye kisu kidogo. Tunahitaji viwili, cha pili ni cha Papa. Kama uko Rubavu, au unavuka Grande Barrière wiki hii na unacho kimelala kwenye droo, tuandikie, tutakuja kukichukua barabarani.