Programu mbili zilizosusiana

Kitambo sijaandika hapa. Nilikuwa BTP Katesh, Hanang, nafundisha hisabati Kidato cha Pili, juzi ndo nimerudi chuo. Mimi mtoto wa Mbulu, baridi haikunitisha. Kilichonitisha ni darasa: ukiuliza swali, kimya. Wiki tatu nikawa naandika kwenye andalio la somo, sehemu ya tathmini: "Wanafunzi hawakuelewa."

Usiku mmoja nikajipooza na laptop. Nilikuwa na programu mbili za Python, zile za dirisha jeusi la kuandika amri. Mfichaji anaficha namba kati ya 1 na 100. Mbahatishaji anaanza na 50, akiambiwa "juu" au "chini" anakata tena katikati. Siku zote mimi ndo nilikuwa tarishi wao. Nikasema leo wacheze wenyewe:

mkfifo bomba
python3 mfichaji.py < bomba | python3 mbahatishaji.py > bomba

Yaani anachosema mmoja kinaingia kwa mwenzake, na jibu linarudi kupitia bomba. Nikabonyeza Enter. Kimya. Nikachemsha chai, nikanywa, bado kimya. Wamesusiana!

Kumbe Python ikiandika kwenye skrini hutoa kila mstari papo hapo, ila ikiandika kwenye bomba hulimbikiza kwanza maelfu ya herufi ndipo imwage. Mbahatishaji alishasema 50, lakini imebaki mfukoni mwake. Mfichaji anasubiri namba, yeye anasubiri jibu. Dawa ni kuongeza flush=True kwenye kila print. Basi wakacheza! Nikawapitisha namba zote 100: majaribio 580, wastani 5.8, na hakuna namba iliyozidi majaribio 7.

Usingizi ukapotea. Nikawaza, na wale watoto je? Asubuhi nikawaweka wawili wawili, mchezo uleule, kila mmoja aseme na jirani yake tu. Jamani, kelele! Binti wa nyuma kabisa, ambaye sijawahi kusikia sauti yake, akasimama: "Mwalimu, hata ufiche ipi, mara saba zinatosha." Nikamuuliza kwa nini. Akaeleza ubaoni, akikata katikati mpaka ikabaki moja.

Alikuwa nayo muda wote. Na andalio langu bado linasema hawakuelewa, kwa wino, mwandiko wangu mwenyewe.

Haya wadau, tuonane kantini. Aliyekwama na bomba lake anitafute.