Kaye ya udongo

Katika Pepa ya utoto wetu, huko juu kwenye milima ya Marungu, rangi za dukani zilikuwa anasa. Mwalimu wa kuchora akatupa sharti: kaye nzima, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ichorwe kwa udongo tu. Bic zibaki mfukoni.

Udongo mwekundu tuliuchota kwenye kingo za barabara ya kushukia Moba, mahali mvua ilipokata ardhi. Mweusi ulitoka bondeni, ng'ombe wanakonyweshwa. Mweupe ni pemba, na huo hauchotwi ovyo. Kwetu Watabwa pemba ni ya baraka, kwa hiyo nilimwendea Nkambo. Alinivunjia kipande kidogo.

“Mjukuu wangu, usiipake kila mahali. Ionekane.”

Tuliuanika udongo, tukautwanga, tukauchuja kwa kitambaa, kisha tukaukoroga na uji mwepesi wa mihogo. Kipimo cha uji ndicho kilichokuwa na kazi. Ukipungua, rangi inabanduka kaye inapofunguliwa. Ukizidi, karatasi inajikunja na mende wanaila usiku. Brashi zetu zilikuwa vijiti vilivyotafunwa ncha.

Ukurasa wangu mweusi ulijaa kwato za ng'ombe. Mwekundu ulikuwa barabara, na kando yake mashamba ya maharagwe. Buluu haikuwepo katika udongo wowote tuliopata, basi ziwa Tanganyika tuliliacha karatasi tupu, tukazungushia weusi ufukweni. Naamini ni ziwa zuri kuliko lolote nililochora baadaye kwa rangi za kununua.

Ukurasa wa pemba Nkambo aliusimamia mwenyewe. Alinionyesha balamwezi, pembetatu zinazofuatana safu kwa safu, ambazo maana yake ni mwezi mpya unapochomoza. Nilikuwa nimeziona siku zote kwenye vikapu bila kuuliza. Alizichora kwa kidole juu ya weusi uliokauka, mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

Miaka mingi baadaye, Lubumbashi, nilisimama mbele ya picha ya Mwenze Kibwanga, mmoja wa wachoraji wa karakana ambayo Pierre Romain-Desfossés aliianzisha mwaka 1946. Rangi chache za ardhi, mistari mifupi iliyobanana, basi. Watu waliokuwa karibu walizungumzia bei yake. Mimi nilikuwa natafuta sehemu aliyoiachia weupe, na nilipoipata nilifurahi mno, kwa sababu alikuwa ameiweka kidogo tu.