Damu Itapita Wapi?

Kwa miaka mitatu nilikifunga kidonda kimoja. Kilikuwa mguu wa kushoto, upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Nilikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaani Mombasa, na mwenye mguu alikuwa mama wa makamo aliyeuza mahamri. Aliamka saa tisa usiku kukanda unga, akasimama mbele ya karai hadi jua lipande. Kila Jumatatu na Alhamisi alikuja, akaketi kwenye benchi, akapandisha buibui kidogo na kusema, "Sista mwanangu, hebu tazama leo kimeamkaje."

Nilikitazama. Nilikiosha kwa maji ya chumvi, nikakipaka dawa, nikakifunga bendeji laini isiyobana chochote. Nilimpima sukari, na haikuwa sukari. Nilimpa antibaiotiki mara nyingi kuliko ilivyofaa. Kuna wakati kilipungua hadi kikatoshana na sarafu ya shilingi ishirini, tukafurahi pamoja. Ukaja mwezi wa Ramadhani, kazi ya karai ikazidi, kikafunguka tena kama kiganja cha mtoto. Majirani walisema amekanyaga tego. Yeye mwenyewe akaanza kukiita donda ndugu. Harusini akawa haendi tena kwa kuogopa harufu.

Mishipa yake niliiona. Ilipanda kutoka kwenye shavu la mguu hadi ndani ya paja, imevimba na kujipinda kama mizizi ya mwembe iliyotokeza juu ya ardhi. Wanawake wengi wa mtaa wetu wanayo, nasi husema ni uzazi, ni kusimama sana, ni umri. Sikuwahi hata siku moja kuuhusisha mshipa na kidonda. Huo ulikuwa ujinga, na ujinga peke yake labda ningejisamehe.

Januari 2020 alikuja na bintiye. Binti alikuwa amezungumza na daktari Nairobi, akaambiwa kwamba kidonda cha mama kinatokana na ile mishipa, na kwamba siku hizi mshipa mbovu huchomwa kwa joto kutoka ndani bila kupasua mguu. Pesa walikuwa wamezichanga: za chama cha mama, za mjomba aliyeko Doha, na za binti mwenyewe. Walikuja kwangu kwanza kwa sababu waliniamini. "Dada, wewe ndiye unayeujua mguu huu. Twende?"

Niliwaambia wasipoteze pesa zao, hayo ni mambo ya urembo. Kisha nikauliza, kwa sauti ya mtu anayejua, "Mshipa ukishachomwa, damu itapita wapi?"

Binti hakuwa na jibu. Mama akamtazama, akanitazama mimi, akasema, "Basi. Sista ashasema." Zile pesa zikaezekea nyumba.

Jibu hata mimi sikuwa nalo. Niliuliza ili wanyamaze, wakanyamaza. Nimejihoji mara nyingi kwa nini nilifanya vile, na kila nikijihoji narudi palepale: nilikuwa nimekifunga kile kidonda karibu mara mia tatu. Kukubali maneno ya yule daktari kungekuwa kukiri kwamba mara zote hizo nilikuwa nakausha sakafu huku paa likivuja. Sikuwa tayari kulisikia hilo, tena kutoka kwa msichana mbele ya wagonjwa wengine. Mama wa watu akalipia kiburi changu kwa mguu wake.

Mwaka 2022 nilipata kazi Uingereza, nikapangwa kliniki ya vidonda vya miguu. Siku za mwanzo nilipewa mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2013 niusome. Umeandika kwamba kidonda cha aina hii kisipofunga ndani ya wiki 2, mgonjwa apelekwe kwa wataalamu wa mishipa. Wiki 2! Niliurudia mstari ule nikidhani nimesoma vibaya.

Baadaye niliomba kusimama ndani ya chumba matibabu yakifanywa. Mgonjwa alikuwa mzee wa kike aliyelala macho wazi, akizungumza juu ya wajukuu zake. Daktari aliutafuta mshipa kwa ultrasaundi, akaudunga karibu na goti, akapitisha katheta nyembamba hadi karibu na kinena. Kisha akamwaga maji baridi yenye ganzi kuuzunguka mshipa wote. Maji hayo hutuliza maumivu, huubana mshipa, na hukinga nyama na ngozi zisiungue. Ncha ya katheta, sentimita 7, ilipashwa joto kwa mawimbi ya redio hadi nyuzi 120, kwa sekunde 20. Ikavutwa chini kidogo, ikapashwa tena, hatua kwa hatua. Wengine hutumia leza, lakini kazi ni ileile. Kabla ya saa moja kwisha yule bibi alikuwa amesimama anatafuta viatu vyake. Matibabu haya yana hatari zake: damu inaweza kuganda, ngozi kuungua, sehemu ya mguu kubaki na ganzi. Daktari alimweleza zote kabla hajatia saini.

Nami nikauliza tena swali langu, safari hii kwa sababu nilitaka kujua.

Damu hupita palepale ilipokuwa ikipita. Nyingi hurudi moyoni kwa mishipa ya ndani kabisa, katikati ya misuli. Hii ya juu huchukua sehemu ndogo tu. Na mshipa uliovimba hata hiyo ndogo hauipandishi. Vali zake, vile vijilango vinavyofunga damu isirudi chini, zimeharibika. Mtu akisimama, damu inamshukia hadi kifundoni, inatuama, inasukuma ngozi kutoka ndani siku baada ya siku, mpaka ngozi inakuwa nyeusi, inakuwa ngumu, inapasuka. Kuufunga mshipa ule ni kuuondolea mguu mzigo. Utafiti wa EVRA, uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 450, wote wakiwa na bendeji za kubana, ulionyesha kwamba waliotibiwa mshipa mapema, nusu yao walikuwa wamepona kidonda kufikia siku ya 56. Kwa waliocheleweshwa ilikuwa siku ya 82. Ulichapishwa mwaka 2018. Nilipomfungia mama yule mlango, jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa karibu miaka 2 kabla.

Nilimpigia simu usiku uleule. Nilimweleza yote, na kile nilichomwambia bintiye, na kwamba nilisema bila kujua. Alinyamaza kitambo.

"Kwa hivyo halikuwa tego?"

"Si tego, mama. Ni mshipa. Na mshipa wenyewe nilikuwa nimeuona."

Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Pesa zilichangwa upya, nami nikatia zangu, na sikuzihesabu kuwa msaada kwa sababu lilikuwa deni. Nairobi walimpima kwanza kama damu inafika vizuri miguuni, wakamchoma mshipa, wakamfunga bendeji ya kubana. Mwezi wa tatu kidonda kilifunga, na hadi sasa hakijafunguka.

Desemba nilikwenda kumwamkia. Ngozi ya pale ni nyeusi na ngumu, nayo itabaki hivyo. Nilimwona akitawadha uani, maji yakipita juu ya mguu ambao miaka yote ile aliupangusa kwa mkono wa maji juu ya bendeji zangu. Lakini kifundo hakikunjiki tena. Kilikaa na kidonda muda mrefu mno, kikakakamaa, na sasa hawezi kukaa tahiyatu chini kwenye mkeka. Huswali juu ya kiti cha plastiki. Kilikuwa mbali kidogo, akaniomba nimsogezee. Nikakiweka kikaelekea kibla, nikatoka, nikamngoja barazani.