Muziki ukishikwa na kwikwi, usikimbilie dukani

Kuna ugonjwa mmoja ambao umeingia majumbani mwetu bila ya kupiga hodi. Unafungua wimbo kwenye kompyuta, unachomeka waya wa USB unaokwenda kwenye spika, unaketi kitako ustarehe. Mara sauti inakatika. Hata sekunde haijatimia, imerudi. Baada ya dakika mbili inakatika tena, mithili ya mtu aliyeshikwa na kwikwi katikati ya hotuba.

Ugonjwa huu hauui mtu, lakini huvunja heshima na hukausha mifuko. Mimi nimeuona ukikaribia kuleta mfarakano nyumbani kwa dada yangu huko Kisauni, na kwa sababu hiyo leo nimeonelea tuuzungumze kinaganaga.

Dada yangu anaishi Mwandoni. Kwa miaka kadhaa amekuwa akikodisha vyombo vya muziki katika harusi za akina mama: spika mbili kubwa, maikrofoni, kisanduku cha sauti na laptopu moja. Wewe uliyewahi kuhudhuria kupamba pande zile wajua kwamba usiku huo ni wa wanawake watupu, na hawataki kumwona mwanamume akizungukazunguka na nyaya ukumbini. Hapo ndipo dada alipoiona riziki yake. Mwanawe wa kiume humsaidia kufunga vyombo alasiri, kisha huondoka kabla ya wageni kuwasili. Kazi hiyo ndiyo inayomlipia karo binti yake aliye chuoni.

Hazina yake kubwa si spika, bali ni nyimbo. Mama yetu alikusanya kaseti tangu miaka ya 1980, enzi ambazo Mbwana Radio Service ya hapa Mombasa ilikuwa ikirekodi na kuuza taarabu. Mpwa wangu alizihamisha moja baada ya nyingine hadi kwenye laptopu. Humo mna Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin, aliyetutoka mwaka 2016. Sauti hizo hazitaingia studio tena. Mwenye harusi akimkodi dada, huwa anaikodi hazina hiyo.

Basi usiku mmoja huko Mtopanga, bibi harusi akiwa ndio kwanza amepandishwa jukwaani, wimbo ukaanza kukatika. Ukakatika mara ya pili, ya tatu, hata watu wakaacha kumtazama bibi harusi wakamtazama dada. Mama wa bibi harusi alilipa nusu tu ya fedha walizopatana. Juma lililofuata mambo yakawa yale yale Mlaleo. Habari za aibu hazihitaji nauli ya matatu. Wateja wawili wakavunja ahadi.

Dada akavuka daraja la Nyali kwenda mjini kumwona fundi. Fundi aliitazama laptopu kwa dakika tano akakata shauri: "Hii imechoka, nunua mpya." Bei ilikuwa shilingi 65,000. Shemeji akasema fedha hizo ni za karo na hazitaguswa. Kisha akamgeukia mwanawe na kumlaumu kwamba ameijaza mashine michezo ya watoto. Kijana akakasirika, akaapa hatagusa tena vyombo vile. Nyumba ikanuna. Ndipo dada aliponipigia simu: "Kaka, njoo utuamue."

Mimi si fundi. Lakini chuoni tulipokuwa tukisomea uandishi wa habari, mwalimu wetu wa somo la redio alikuwa na kanuni moja: ukitafuta hitilafu, badilisha kitu kimoja tu, usikilize, kisha uende kwenye kinachofuata. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hata ukifaulu hutajua kilichokuponya.

Kabla ya kuendelea, yafaa tujue kinachotendeka ndani ya waya. Muziki wa kiwango cha CD ni vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, kwa spika ya kushoto na vivyo hivyo kwa ya kulia. USB huvisafirisha kwa vifurushi vinavyoondoka kwa ratiba. USB ya awali, iliyotoka mwaka 1996, huigawa sekunde moja vipande 1,000, USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, huigawa hadi vipande 8,000. Ukinakili picha na kifurushi kikaharibika njiani, kompyuta hukituma tena, nawe hutambui lolote. Muziki haupewi nafasi hiyo. Kifurushi cha sauti kikiharibika au kikichelewa, kimepotea, kwani wimbo haumngoji mtu. Pengo hilo ndilo kwikwi unayoisikia.

Ili kupunguza balaa hiyo, kompyuta huweka akiba kidogo ya sauti, ambayo wataalamu huiita bafa. Mkaazi wa Kisauni ataielewa haraka akifikiria pipa la maji. Mwenye mkokoteni akichelewa kuleta mitungi, nyumba haitaabiki maadamu pipa lina maji. Pipa likiwa dogo, akichelewa kidogo tu mnaanza kuomba kwa jirani. Vivyo hivyo, bafa ikiwa ndogo mno, kompyuta ikishughulika na jambo jingine kwa muda mfupi tu, spika hukaukiwa.

Nilimwita mpwa wangu, tukaketi sebuleni na daftari. Alisitasita, kisha akasema, "Haya mjomba, lakini baba asije akasema ni mimi tena."

Jaribio la kwanza: tulichomoa kila kitu, tukasikiliza wimbo ule ule kwa visikizi vilivyochomekwa kwenye laptopu yenyewe. Nusu saa ikapita bila ya pengo hata moja. Hapo tulipata mawili. Kwanza, wimbo ulikuwa mzima, na kazi ya kijana ya kuhamisha kaseti haikuwa na dosari. Pili, mashine haikuwa imechoka kiasi cha kushindwa kucheza wimbo.

Jaribio la pili: tulifunga vyombo vyote kama vinavyofungwa harusini. Dakika nne hazikutimia, kwikwi ikaanza. Basi mshukiwa alikuwa katika njia ya USB. Tukaifuata njia hiyo kwa vidole. Waya wa kisanduku ulikuwa wa mita 3, ukaunganishwa na mwingine wa mita 5 ili ufike karibu na jukwaa. Jumla mita 8, ilhali waya wa USB 2.0 haufai kuzidi mita 5. Isitoshe, waya huo haukuingia kwenye laptopu moja kwa moja. Ulipitia kigawio cha bei nafuu chenye matundu manne. Kwenye matundu yaliyobaki palikuwa na flashi ya nyimbo, kipanya, na tundu moja ambalo wageni huombea kuchaji simu. Dada akacheka kwa uchungu: "Nani atamkatalia mama wa bibi harusi?" Vyote hivyo vilikuwa vikinyonya umeme wa tundu moja la laptopu, ambalo kwa kanuni ya USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu.

Tukaondoa waya wa nyongeza peke yake. Kwikwi ikapungua, haikuisha. Tukaondoa kigawio, kisanduku kikaingia kwenye laptopu moja kwa moja. Saa nzima, kimya. Wengi wangeishia hapo, lakini tukakirudisha kigawio makusudi. Kwikwi ikarudi. Huo ndio ushahidi, msomaji: ugonjwa uondoke ukiondoa kisababishi, na urudi ukikirudisha.

Jioni ya pili tuliichomoa laptopu kwenye stima, kwa kuwa kumbini umeme hupotea. Mapengo mawili matatu yakasikika. Kompyuta ikitumia betri hupunguza kasi ili kubana matumizi, na Windows ina mpangilio wa kulaza matundu ya USB. Tukaweka mpangilio wa nguvu kamili, tukazuia matundu yasilazwe, tukazima Wi-Fi, ambayo kazi zake za ndani kwa ndani huweza kuikatiza sauti, kisha tukaongeza bafa. Kuongeza bafa huchelewesha sauti kidogo. Hilo lingemsumbua mwimbaji anayepitisha sauti yake kwenye kompyuta, lakini kwa wimbo uliokwisha kurekodiwa halina madhara. Muziki ukatiririka.

Dada alinunua waya mmoja mfupi wa USB, mzuri, kwa shilingi mia chache. Laptopu sasa hukaa ubavuni mwa kisanduku, na nyaya zinazorefushwa ni zile zinazotoka kwenye kisanduku kwenda kwenye spika, ambazo huvumilia masafa marefu. Simu za wageni zina mahali pake ukutani.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Hakuomba radhi kwa maneno. Wanaume wa rika lake ni wazito. Alimwambia mwanawe, "Mwanangu, Jumamosi wewe ndiwe utakayevifunga vyombo. Mimi nitakubebea spika." Kijana akajibu, "Haya, baba," na tangu siku hiyo kazi ni yake.

Huenda kwako kisababishi kikawa kingine. Hapa pwani hewa ya chumvi huila midomo ya nyaya. Ukiona doa la kijani au waya unacheza tundunila, ubadilishe. Joto nalo huifanya kompyuta ipunguze kasi, basi usiiweke juu ya mto wala kuziba matundu ya feni. Angalia pia kama programu ya kuzuia virusi, au masasisho ya Windows, hayafanyi kazi wakati wa muziki. Wimbo wa vipimo 44,100 ukipigwa kwenye mashine iliyowekwa 48,000, kompyuta hulazimika kuugeuza papo kwa papo. Mashine dhaifu huenda ikalemewa, hivyo linganisha mipangilio. Ikiwa bado hujaridhika, kuna programu ya bure iitwayo LatencyMon inayoonyesha ni sehemu gani ya Windows inayochelewesha sauti. Lakini hayo yote yafanye moja moja, ukiandika kila unalobadilisha.

Wewe mwanafunzi unayesikiliza masomo kwa kompyuta, na wewe mzazi unayeombwa mashine mpya, kumbukeni kwamba neno "nunua" huwa jepesi mdomoni mwa anayeuza. Mkague waya kabla ya kompyuta, na kompyuta kabla ya mtoto. Karo ikishatumika dukani haitarudi, na mtoto akilaumiwa kwa kosa la kigawio cha matundu manne, jeraha lake halitapona kwa waya mpya.