Waliozaliwa Mtunya

Zamani ukoo wetu ulisomwa msibani. Jioni ya kumaliza matanga, wanawake wakisonga ugali wa uwele nje ya tembe na moshi wa kuni ukipenya hadi tulikobanana watoto na ndama, babu mkubwa alikivuta kigoda chake, akanusa ugoro, akapiga chafya mbili za nguvu, kisha akaanza: fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani aliyehama na ng'ombe zake mwaka wa ukame, na sisi tukifuatisha kwa vidole mpaka vidole vikatuishia.

Siku hizi unasomwa kwenye simu. Mpwa wangu aliyeko Toronto ameuingiza ukoo mzima kwenye programu ya nasaba, ukifungua unakuta visanduku na mistari. Vinapendeza.

Baba naye aliwahi kujaribu kuuandika, katika daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, kwa ule mwandiko wa kulala kulia wa watu waliofundishwa na wamisheni. Miaka yake ilikuwa na majina: huyu alizaliwa reli ilipofika Dodoma, yule nzige walipoingia, bibi alizaliwa Mtunya. Kwa Mgogo wa rika lake hapakuwa na haja ya kufafanua. Majeshi ya Mjerumani na Mwingereza yalikuwa yamezoa ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, mvua nayo ikagoma, na njaa ikaitafuna Ugogo mpaka kwenye 1920.

Programu inataka siku, mwezi na mwaka. Tumeandika "takriban 1919". Imekubali.

Wala silalamiki sana. Wamormoni wa Utah waliunda chama chao cha nasaba mwaka 1894, wakaanza kupiga rejista za watu kwenye mikrofilamu mwaka 1938, na tangu 1999 wana tovuti ambayo Mwingereza anaweza kupekua ubatizo wa mababu zake bila kuinuka kitini. Sisi, ambao nyaraka zetu ni rejista ya kanisa iliyoliwa na mchwa na kadi ya kliniki, tulikuwa hatumo. Sasa watu wao wanazunguka nchi kadhaa za Afrika wakirekodi wazee wanaotaja koo zao kwa mdomo. Babu mkubwa angewapenda, mradi waje na ugoro.

Na kuna jambo ambalo programu imemshinda. Yeye alitaja wanaume tu, utadhani walizaana wenyewe. Programu ikikosa mama inaacha kisanduku kitupu kinachokukodolea macho, hivyo ikabidi shangazi zangu wapigiwe simu. Kumbe walikuwa nayo yote: bibi gani alitoka Mvumi, alitolewa ng'ombe wangapi, nani aliolewa akarudi kwao na nani alimfuata. Miaka yote hiyo walikuwa pale nje wanasonga ugali, na hakuna aliyewauliza.

Ila babu mkubwa alijua pia kuruka. Mtunya ilipobana, kuna watoto waliowekwa rehani kwa chakula, na wengine hawakukombolewa; wakakulia katika nyumba iliyowalisha, wakaoa, wakazika. Mmoja yumo kwetu. Kisomo kilipomfikia, babu mkubwa alinusa ugoro, akaendelea: fulani alimzaa fulani. Waliojua walijua, na wajukuu zake walirithi mashamba kama sisi.

Programu inauliza: mtoto wa kuzaa, wa kulea au wa kambo?

Kundi la ukoo la WhatsApp limewaka moto kwa swali hilo. Vijana wanataka ukweli uandikwe, na nawaelewa. Mmoja wao ameshatema mate kwenye kichupa akayatuma maabara ya Marekani, kwa hiyo jibu linakuja tupende tusipende. Shangazi mkubwa ametuma ujumbe wa sauti: andikeni ni mtoto wa nyumba hii, basi. Chaguo hilo halipo. Mpwa wangu ameyaweka maneno hayo kwenye sehemu ya maelezo, ambayo, kwa jinsi ninavyowajua ndugu zangu, hakuna atakayeifungua.