Wimbo wa Baba Ulioandikwa Sifuri

Mwaka 2008 kaka yangu aliyehamia Marekani alikuja Nyarugusu kututembelea, akamwachia mama iPod yenye nyimbo za kwaya. Mmoja aliutoa kwenye kaseti ya marehemu baba.

Mwaka 2010 akarudi, akaiunganisha na kompyuta yake aone kila wimbo umepigwa mara ngapi. iPod huweka hesabu hiyo yenyewe, ikiunganishwa huipeleka kwenye kompyuta. Nyimbo nyingine zilikuwa na 30, 40. Ule wa baba, sifuri.

“Mama, huu huusikilizi?”

Mama akakasirika. “Kila jioni! Hiyo mashine yenu ni ya uongo.”

Kaka alichomoa waya, akachomeka tena, bure. Tukajaribu wimbo mwingine, tukauacha ucheze mpaka ukaisha, tukaunganisha. Ikaongezeka moja. Kumbe wimbo uliofika mwisho ndio unaohesabiwa. Ukikatwa njiani hata mara mia, hauandikwi. (Wenye nayo mjue hivyo, msije mkagombana kama sisi.)

“Mama, kwani unaukata?”

Akanyamaza kidogo. “Pale mwishoni baba yenu anatuaga kwa majina. Mimi pale sijaweza kupafika.”

Kaka akafunga kompyuta. Ile sifuri hatukuigusa.